Naomba ushauri: gari la rimoti litakaa miezi minane bila kuendeshwa

Wakuu, habari za jioni.

Nahamia Dodoma kikazi kwa miezi minane, binti yangu anaingia bweni, na gari letu la rimoti linabaki kwa bibi yake Kigamboni. Ni la 1:10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, linavuta magurudumu yote manne, mota ya brashi, betri ya lithiamu ya seli mbili. Tumezoea kuliendesha ufukweni jioni, na skrubu nyingi za gari hilo amezifunga yeye, ana miaka 11.

Mwaka jana nilisafiri miezi mitano nikaliacha juu ya kabati, chumba kisicho na dari, betri imechomekwa. Niliporudi betri ilikuwa imevimba kama andazi, magurudumu ya mbele hayazunguki, na matairi yamebonyea upande mmoja. Binti akalishika akaniuliza, "Baba, limekufa?" Iliniuma kweli.

Betri mpya nimeshanunua, nimeichaji ikajaa. Ile ya zamani iko kwenye droo. Naombeni mwongozo.

Jirani wa Feri

Mkuu, kabla ya yote itoe hiyo betri kwenye droo leo hii. Iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, haitupwi kwenye pipa la taka. Zungushia selotepu ncha za nyaya zisigusane, ifukie kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, iwe nje mbali na nyumba, mpaka uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Hizi zikishika moto ndani ya nyumba hazina msamaha.

Hiyo mpya nayo usiiache imejaa. Seli ikijaa ni volti 4.2, na ikikaa miezi katika hali hiyo inachakaa na kuanza kutoa gesi. Ikishuka chini ya 3.0 inaharibika pia. Ya kuhifadhia ni 3.8 kwa kila seli, yaani 7.6 kwa betri yako. Chaja nyingi za betri hizi zina sehemu yake maalumu ya kuhifadhi, yenyewe inashusha au inapandisha mpaka hapo.

Na ichomoe kwenye gari. Hata ukizima swichi, kidhibiti mwendo kinaweza kuendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Naamini ndicho kilichoiua ile ya kwanza, pamoja na joto la bati.

Mama Cherehani

Mimi nazungumzia hayo magurudumu. Ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha kula beringi, sembuse mchanga wa ufukweni.

Vua tairi, toa beringi. Kwa ncha ya sindano nyanyua kile kifuniko cha mpira taratibu, kinatoka kizima. Loweka beringi kwenye spiriti, itikise, utaona maji yanageuka rangi ya chai. Ikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu. Zungusha kwa kidole: ikiteleza kimya imepona, ikikwaruza kama inasaga mchanga, nunua nyingine ya vipimo hivyo hivyo. Usipake grisi nzito, inashika vumbi.

kijana_wa_mbio

Mimi nalipiga maji ya bomba kila nikitoka ufukweni na halijaharibika.

Mama Cherehani

Mwanangu, uko sahihi nusu. Chumvi haiondoki kwa brashi, inahitaji maji baridi yasiyo na chumvi. Ila betri itoke kwanza, maji yasipigwe kwa nguvu, na mota na vifaa vya umeme visiloweshwe. Kisha likaushwe hapo hapo na beringi zipate mafuta. Wengi wanaosha wanaliacha juani na kuondoka, na kutu inaanzia hapo.

Jirani wa Feri

Nimesahau matairi. Liweke juu ya kipande cha mbao, chasisi ikae kwenye mbao na magurudumu yaning'inie. Sponji ya ndani ya tairi haitabonyea na springi zinapumzika. Toa pia betri za rimoti, zikivuja zinakula vibati. Funika kwa kitambaa cha pamba, nailoni inafungia unyevu.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, kweli. Betri mbovu imeshatoka nje. Beringi tatu zimepona, moja imekataa. Mpya nimeishusha na kupima kwenye kile kisoketi cheupe cha nyaya tatu: seli moja 3.84, nyingine 3.83. Niiweke wapi? Bibi ana chungu cha udongo chenye mfuniko.

Jirani wa Feri

Chungu kinafaa, mfuniko ukae wazi kidogo, kiwe sakafuni chumba chenye ubaridi, mbali na jiko na mapazia. Ipimwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Mwanzisha uzi

Likizo za shule ataipima binti. Jana nimemfundisha kushika mita, nyekundu na nyeusi, akaandika namba zote mbili na tarehe kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya chungu.