Ushauri: Mama mkubwa yuko kwenye dripu za saratani, sasa halali wala hatulii

Mtoto wa Makorora: Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini. Mama mkubwa anatibiwa saratani ya titi, dripu anatundikiwa hospitali ya Ocean Road, Dar, halafu anarudi na vidonge vya deksamethasoni, zile steroidi. Safari hii karudi mtu mwingine. Usingizi hana, anaongea bila kituo, kanga anawagawia majirani, akikatazwa anafoka. Zahanati wakampa haloperidoli ya kutuliza akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Maneno yamepungua, lakini sasa hakai! Akikaa anainuka, anazunguka ukumbini usiku kucha, analia miguu inamsumbua kwa ndani. Shangazi anasema ni jini, fundi aitwe. Tufanyeje?

Bibi wa Pongwe: Pole mwanangu. Mume wangu kwenye steroidi alikuwa anaamka usiku wa manane kuhesabu hela za korosho, na korosho hatuna. Zilipopunguzwa akawa sawa.

Tabibu Mstaafu: Hapo kuna mambo mawili. Kukosa usingizi na kugawa kanga yaweza kuwa ni deksamethasoni. Dozi ikipanda, hatari inapanda: utafiti wa Boston wa 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa 1.3% ya waliotumia prednisoni, steroidi nyingine, isiyozidi miligramu 40 kwa siku, na 18.4% kwa waliozidisha 80. Miligramu 6 za deksamethasoni ni kama hizo 40.

Kutotulia ni jingine. Haloperidoli na metoklopramidi zote huzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na zikikutana ndiyo zaidi. Huko kutotulia kunakoletwa na dawa huitwa akathizia. Ninachoogopa ni mtu aone wazimu umezidi, amwongezee haloperidoli. Arudi kwa daktari haraka, lakini steroidi msikatize wenyewe. Ulizeni kama anaweza kuzimeza asubuhi. Homa anayo? Ikifika 38, hiyo ni dharura, hata iwe saa nane usiku.

Kijana wa Chumbageni: Mbele ya safari akiandikiwa tamoksifeni, vidonge vya saratani ya titi, halafu dawa ya sonona, mtaje zote mbili. Fluoksetini na paroksetini hulizuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu.

Mtoto wa Makorora: Homa hana, nimempima. Vidonge vyote nimevitia mfukoni, alfajiri tunakwenda hospitali ya Bombo. Shangazi kakubali, ila kombe lazima anywe.

Tabibu Mstaafu: La zafarani na maji, sina neno. Likiwa na mitishamba, libebeni nalo daktari alione kwanza.