Blogu tano, saa 15 kwa wiki: nigawe vipi muda na makala?

Kibodi_Buzuruga (mwanzisha uzi)
Heshima kwenu wakuu. Naendesha blogu tano zinazoingiza hela kwa matangazo na kamisheni: ufugaji wa sato, bei na mapishi ya dagaa, safari za Mwanza na visiwani, simu za mtumba, halafu ajira na matokeo ya mitihani. Muda nilionao ni saa 15 kwa wiki, jioni na Jumamosi. Kila blogu ina siku yake, lakini rasimu zinarundikana bila kuisha, na zile nilizozipangia saa ya kutoka zenyewe mara nyingine hazitoki. Hela karibu yote inatoka kwenye sato na ajira. Nipange vipi, na hizo tatu nizifute?

Mhariri_Bwiru
Mkuu, hiyo ya kila blogu na siku yake ndiyo inayokumaliza. Ukirudi kwenye sato baada ya wiki, nusu saa inaisha ukitafuta ulipoishia. Gawa siku kwa aina ya kazi. Jumatatu utafiti tu, wa makala zote za wiki. Jumanne na Jumatano kuandika, bila kugusa picha wala kichwa cha habari. Alhamisi kuhariri. Jumamosi asubuhi picha na mahojiano, maana pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mchana jua linaunguza picha zote.

Sasa hesabu. Makala ya maneno 1,200 hadi 1,500 yenye picha zako mwenyewe inakula kama saa tano: utafiti moja na nusu, kuandika mbili, kuhariri moja, picha na viungo nusu saa. Saa 3 ni za matengenezo, hazikwepeki. Zinabaki 12, yaani makala mbili mpya na saa mbili za kufufua moja ya zamani. Blogu tano haziingii humo hata ukiacha kulala. Chagua mbili za kukuza kwa miezi mitatu, nyingine ziwe za kutunzwa tu.

Dada_Takwimu
Naongezea kwenye kuchagua. Usitumie hisia, fungua Search Console, zana ya bure ya Google inayoonyesha blogu yako inavyotokea kwenye utafutaji. Inahifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo linganisha miezi mitatu iliyopita na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana. Ukilinganisha na miezi mitatu iliyotangulia utadanganyika, hasa kwenye ajira: matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari wasomaji wanafurika siku chache, halafu kimya.

Kisha tafuta makala zenye maonyesho mengi (mara zinazotokea kwenye utafutaji) ambazo nafasi yake kwenye orodha ya matokeo iko kati ya 8 na 20. Hizo ndizo za kufufua kwanza, Google imeshazikubali ila haijaziamini. Angalia pia kama makala zako mbili zinagombania utafutaji mmoja, mfano "chakula cha sato" na "kulisha sato". Ziunganishe ziwe moja.

Mzee_wa_Rasimu
Ajira mimi ningeiachia wenye timu. Ushindani wa dakika, makala inakufa wiki hiyo hiyo, na ukigusa habari na matukio unatakiwa usome vizuri kanuni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) za maudhui ya mtandaoni za 2020 na marekebisho ya 2022, ujue kama unahitaji leseni.

Dada_Takwimu
Mzee, shikamoo, lakini hapo tunatofautiana. Inamlipa, asiiue. Aifanye ya msimu: ukurasa mmoja kwa kila mtihani, anwani yake isiwe na mwaka ndani, autengeneze upya kila msimu. Hivyo nguvu ya viungo vya zamani haipotei. Zile habari ndogondogo za kila siku ndizo aache.

Mzee_wa_Rasimu
Marahaba. Kwa msimu, sawa, nakubali.

Kwenye sato sasa, huko ndiko kwenye utajiri. Samaki anakaa miezi sita hadi minane mpaka kuuzwa, na mfugaji ana swali jipya kila hatua: eneo la kizimba, vifaranga, ukubwa wa punje za chakula, magonjwa, kuvuna, soko. Ukimhoji mfugaji mmoja kwa mpangilio huo, safari moja inakupa makala tano au sita zinazounganishwa kwa viungo. Andika maswali yote kabla hujatoka nyumbani. Wengi wanarudi na picha nzuri za vizimba bila bei ya mfuko wa chakula.

Fundi_Seva
Makala kutotoka zenyewe: kama unatumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, haina saa yake. Inakagua ratiba pale tu mtu anapofungua ukurasa, na blogu isiyo na wageni usiku inalala na makala yako. Kwenye faili la mipangilio, wp-config.php, weka DISABLE_WP_CRON iwe true, halafu kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hostingi) tengeneza kazi ya kroni, yaani amri inayojirudia kwa saa, inayoita wp-cron.php kila dakika 15. Ukifanya hatua ya kwanza ukasahau ya pili, hakitatoka kitu kabisa.

Saa 3 za matengenezo zitumie hivi: nakala rudufu nje ya seva, kusasisha plagini, viungo vilivyokufa, na ads.txt (faili linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo yako) kwenye kila domeni. Na kama zote tano ziko kwenye akaunti moja ya hostingi, kirusi kikiingia kwenye ile uliyoitelekeza kinavuka hadi kwenye sato. Zitenganishe.

Kibodi_Buzuruga
Nashukuru sana wakuu. Nakuza sato, ajira ya msimu. Je, hizo tatu nizijazie makala za akili mnemba ili zisionekane zimekufa?

Mhariri_Bwiru
Hapana mkuu. Tangu Machi 2024 Google ina sera dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kupanda tu kwenye utafutaji. Bora zikae kimya zikiwa sahihi. Ile ya safari ina kazi moja ya haraka: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo makala yoyote inayomwambia msafiri wa Sengerema asubiri kivuko pale ni ya kurekebisha leo. Dagaa ifuate mwezi: wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na mzigo unapungua sokoni, basi makala za kukausha na kuhifadhi zitoke siku chache kabla.

Simu za mtumba ndiyo ningeifunga. Makala zinazofaa zihamishie kwenye blogu nyingine kwa 301 (amri ya seva inayompeleka msomaji na Google kwenye anwani mpya), kila moja kwenda kwenye inayofanana nayo. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google inazihesabu kama zimepotea.

Fundi_Seva
Na domeni yake endelea kuilipia hata baada ya kuhamisha. Ukiiacha ikaisha, 301 zote zinakufa siku hiyo, na akitokea mwenye tovuti ya kamari akaichukua atatumia viungo vyako vya zamani.