Gumzo la familia: fizi za Shangazi

Shangazi: Jamani wanangu leo siku ya tano fizi za kushoto zinaniuma, usiku ndo balaa, asubuhi nikitema mate yana damu

Dada Mkubwa: Shikamoo shangazi, pole sana. Ni sehemu moja au upande mzima?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kuanzia gego la nyuma mpaka kwenye chonge. Huko nimeacha kabisa kupiga mswaki maana nikigusa tu damu

Dada Mkubwa: Shangazi usiache mswaki tafadhali. Kliniki ya meno ninapofanya kazi hili naliona kila siku, mtu anaona damu anaogopa anaacha, na ndo hali inazidi. Ule utando mweupe laini unaokaa jino linapokutana na ufizi, ukikwangua na kucha unautoa, huo ni ukoga, bakteria wamejazana humo na ufizi unavimba kwa sababu yao. Usipoutoa unaganda unakuwa mgumu kama jiwe, hapo mswaki hauwezi tena mpaka ukwanguliwe

Baba: Dada saga aspirini uweke hapo hapo panapouma, mimi ilinisaidia zamani

Shangazi: Nimeweka jana kaka. Leo pana doa jeupe na panachoma kuliko mwanzo

Dada Mkubwa: Baba samahani sana lakini hapana 🙏 hilo doa jeupe ni nyama ya ufizi imeungua, aspirini ni asidi. Dawa ya maumivu inamezwa na maji, haiwekwi kwenye ufizi. Shangazi usirudie, patapona penyewe ndani ya siku kadhaa. Hebu tupigie picha mswaki wako

Shangazi: 📷

Dada Mkubwa: Shangazi huu nywele zimelala pande zote kama umekanyagwa, na ni ule mgumu. Tafuta LAINI. Usisugue kwa nguvu, ulaze kidogo uelekee kwenye ufizi, zungusha taratibu, dakika 2 asubuhi na 2 usiku, na katikati ya meno upitishe uzi wa meno. Damu itatoka siku za mwanzo, usiogope, kama ni ukoga tu basi wiki moja au mbili inapungua. Maji ya vuguvugu glasi moja na chumvi nusu kijiko cha chai, sukutua uteme. Ila chumvi inatuliza tu, kukutibu haikutibu

Mdogo wa mwisho: Dada na mimi je?? gego la mwisho huku chini limetoka nusu, ufizi umelifunika juu kama kofia, toka juzi hata mdomo haufunguki vizuri

Dada Mkubwa: We mbona ulikua umenyamaza! Chakula kinaingia chini ya hiko kikofia kinaoza humo, panafanya usaha. Mdomo kutofunguka si kitu cha kusubiri, nenda LEO. Na ukiona shavu limevimba, homa, au kumeza na kupumua kunakua shida, hapo ni hospitali moja kwa moja hata iwe usiku wa manane

Mdogo wa mwisho: Nina antibayotiki zilibaki za mwaka jana nianze nazo?

Dada Mkubwa: Usiziguse. Zilikua za ugonjwa mwingine na hazitoshi dozi

Ma'mdogo: Wifi pole jamani. Mi mwenzenu mimba miezi 5 na fizi zimekua nyekundu zimevimba, nilijua ni mtoto anamaliza kalsiamu yangu

Dada Mkubwa: Hapana ma'mdogo, mtoto hachukui kitu kwenye meno yako. Ni homoni, zinafanya ufizi uvimbe hata kwa ukoga kidogo. Kwa dentisti unaenda na mimba bila shida, waambie tu una miezi mingapi. Ibuprofeni usinunue mwenyewe

Baba: Na mimi mwenye sukari?

Dada Mkubwa: Baba wewe ndo nakuwazia zaidi. Sukari ikiwa juu fizi zinaugua haraka na kupona ni taratibu, na fizi zikiugua sukari nayo inakua ngumu kushuka. Halafu sigara baba, inabana mishipa ya damu, kwaiyo fizi zinaweza kuwa zimeharibika na usione hata tone la damu. Usikae ukingoje maumivu baba yangu nakuomba

Baba: Nimekuelewa mama

(baada ya siku tatu)

Shangazi: Nimetoka kwa dentisti. Kapitisha kachuma kembamba kenye alama kama rula kati ya jino na ufizi, anataja namba mwenzie anaandika, mbele kote 2, 3, kufika magego ya nyuma akasema 6

Dada Mkubwa: Ni milimita shangazi. Kawaida ni 1 mpaka 3, hiyo 6 ni mfuko umechimbika, ufizi umeachia jino na mfupa pale umeanza kuliwa. Umewahi lakini, gego si halichezi?

Shangazi: Halichezi. Amekwangua upande mmoja katoa vipande vyeusi hivi, sikujua vimekaa mdomoni mwangu miaka yote. Kule kwenye kina nitarudi wiki ijayo apige ganzi asafishe chini ya ufizi

Mdogo wa mwisho: Mi nimesafishwa usaha, uvimbe ukiisha wananing'oa

Baba: Dada wiki ijayo siku gani? Niandikishe na mimi twende wote

Shangazi: Jumanne saa tatu asubuhi kaka, napiga sasa hivi