Nimeanza fluoksetini na Ramadhani inakaribia. Mliowahi kutumia dawa za sonona na wasiwasi, niambieni ukweli

MwalimuUjiji

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Tangu mwaka jana naamka usiku wa manane moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, kifua kimebana, na sina ninachoweza kusema ninakiogopa. Nimepimwa malaria, taifodi, UTI na presha. Nikatibiwa vidonda vya tumbo hadi nikachoka kumeza. Darasani nasimama na chaki mkononi, sentensi inakatika katikati, watoto wananiangalia. Nilikuwa napenda kwenda Kibirizi asubuhi boti zinapoingia na dagaa, nichague mwenyewe. Hilo nalo niliacha, si kwa kukosa nauli.

Mwezi huu nimepata daktari aliyenikalisha akaniuliza ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: nalala vipi, nakula vipi, kama nimewahi kutamani kulala nisiamke. Hapo nililia. Akasema ni sonona pamoja na wasiwasi, na kwamba mara nyingi vinakuja pamoja. Akaniandikia fluoksetini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi.

Siku za kwanza nilipata kichefuchefu, mikono ikatetemeka kidogo, na wasiwasi ndio kwanza ukazidi. Sasa kichefuchefu kimepungua lakini furaha sijaiona. Mama mkwe ameziona dawa. Anasema ni dawa za Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, ukizianza huziachi, tena ni dawa mpya wanazojaribia watu. Mume wangu hajasema neno, na ukimya wake unaniumiza kuliko maneno ya mama yake.

Naomba mliotumia mniambie: zinasaidia kweli? Nitazimeza maisha yangu yote? Na mfungo nitafanyaje?

FundiTabora

Waalaykum salaam dada, pole sana. Mimi nipo Tabora mjini, ni fundi cherehani. Nilipoanza dawa sikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo nitakueleza yangu kwa urefu.

Natumia amitriptilini, siyo hiyo yako, mengine hayatafanana. Kilichonipeleka hospitali ni mikono. Mteja analeta kitenge, nakitandaza mezani, nashika mkasi, siwezi kukata. Nakaa nakiangalia mpaka adhuhuri. Nguo za sikukuu zikarundikana, watu wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vizima. Nyumbani wakasema nimerogwa, mbuzi akauzwa, tukaenda kwa mganga. Siwalaumu, kila mtu alitafuta msaada pale alipopajua.

Hospitali nilianzishiwa miligramu 25 usiku, baadaye zikaongezwa kidogo kidogo. Kinywa kilikauka mpaka ulimi unanata, na joto la Tabora mwezi wa kumi anayelijua analijua. Choo kikawa kigumu. Asubuhi nilikuwa mzito, naitwa mara mbili ndipo naitika. Nikarudi nikamweleza daktari yote, hata la choo ambalo watu huona haya kulitaja. Akaniambia nimeze saa mbili usiku badala ya saa tano, na nisikalie cherehani ya umeme mpaka uzito utoke. Maji mengi, mapapai na mchicha vikasaidia upande wa choo. Kinywa bado kinakauka ila navumilia. Unene nao ulikuja, suruali zangu nimezitanua mwenyewe.

Sasa hapa naomba unisikilize sana. Mimi pia nilikuwa naingojea furaha. Kila nikiamka najiuliza, nimefurahi? Sijafurahi, basi dawa haifanyi kazi. Kumbe nafuu ilianzia kwingine. Ulitangulia usingizi. Ikafuata njaa. Halafu siku moja mteja akataka kunipunja bei ya kushona suti, nikakataa, tukavutana pale mpaka akalipa. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akasema, "Leo umebishana." Kwa miezi mingi nilikuwa nakubali bei yoyote ile ilimradi mtu aondoke. Yeye ndiye aliyeiona nafuu kabla yangu. Kwa hiyo dada, usijipime kwa furaha. Angalia kama sentensi imefika mwisho ubaoni, kama umetamani kwenda kuchagua dagaa. Dawa haikulipa deni langu wala haikumrudisha mdogo wangu tuliyemzika. Ilinirudishia mikono, na mikono ndiyo niliyotumia kuhangaika na hayo mengine.

Na usisubiri kidonge cha mwisho. Kuna wakati dawa ilikosekana ninakotibiwa, madukani nako hakuna. Nikakaa siku kadhaa bila kumeza: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi umekatika, hasira kwa watoto. Nikajua ugonjwa umerudi wote. Daktari akanieleza kuwa ni mwili umeshtuka kwa kukatiziwa ghafla. Sasa nikibakiza za wiki moja tu, naanza kuzunguka.

Kuhusu mfungo, yangu ni ya usiku haigusi saumu. Yako ni moja kwa siku, muulize daktari kama unaweza kuihamishia wakati wa daku au baada ya futari. Mwaka mmoja dozi yangu ilipandishwa karibu na Ramadhani, kiu ikawa haivumiliki. Daktari na imamu wetu wote wawili waliniambia mgonjwa ana ruhusa. Nikala, nikalipa baadaye, na sikuona aibu.

Buzebazeba

Mimi hiyo fluoksetini haikunifaa, nasema ili usije ukakata tamaa ikitokea na kwako. Usingizi ulipotea kabisa na sikutulia hata kukaa kwenye kiti. Daktari alitaka niendelee nayo kwa muda, alipoona hali haibadiliki akanibadilishia nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikaa. Dawa moja kukataa haina maana kwamba wewe hutibiki.

Na kwa wanaume wanaosoma kimyakimya: inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mwambieni daktari, ana la kufanya. Nawajua walioacha dawa kwa sababu hiyo moja tu, bila kumwambia mtu, wakarudi walikotoka.

MtoaDawaKasulu

Mwakeye, mwalimu. Mimi ni mtoa dawa hapa Kasulu, wanaoshika cheti cha dawa hizi kwa kukificha kiganjani nawaona kila wiki.

Mama mkwe umweleze kwa heshima kwamba hakuna anayejaribiwa. Amitriptilini imeidhinishwa Marekani tangu 1961 na fluoksetini tangu 1987, na zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine, na wengi wanaomeza hizi hawajawahi kufika hata Dodoma.

Kuhusu kutoziacha, watu wanachanganya na diazepamu. Hiyo ndiyo inayozoeleka: leo kimoja, baada ya muda vinatakiwa viwili ndipo ulale, na kuitoka ni kazi. Ukiambiwa na jirani kwamba ana vidonge vya kutuliza, usichukue. Fluoksetini haileti uraibu wa namna hiyo, ila hutakiwi uikatishe kwa siku moja, unapunguziwa na daktari. Wengi huendelea kumeza miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya kupona, ili ugonjwa usirudi, kisha wanashushwa taratibu. Waliougua mara kadhaa huenda wakakaa nayo zaidi.

Wasiwasi kuzidi siku za mwanzo hutokea. Nafuu ya kueleweka huchukua wiki mbili mpaka sita, kwa hiyo bado hujachelewa.

Ninaloomba ulishike ni kuchanganya dawa. Tramado, ile dawa ya maumivu makali, usiiguse ukiwa kwenye fluoksetini bila daktari kujua, unaweza kupata degedege na mengine mabaya. Diklofenaki na aibuprofeni zikikutana nayo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na hapa kwetu diklofenaki inamezwa kwa kila maumivu. Kila ukienda dukani taja kwamba unatumia fluoksetini, hata ukinunua dawa ya mafua.

Na hili ni kubwa kuliko yote. Fikra za kutaka kufa zikizidi, hasa wiki hizi au ukibadilishiwa dozi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako. Vilevile ukijikuta huhitaji usingizi, maneno hayaishi, na unatumia fedha ovyo, rudi haraka, pengine dawa inatakiwa ibadilishwe.

Fundi, zako zifungie mbali na watoto. Amitriptilini vidonge vichache tu vinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto mdogo.

FundiTabora

Ahsante mtoa dawa. Ziko kwenye sanduku lenye kufuli, funguo anayo mke wangu. Mwanzoni alizishika kwa ajili yangu pia, tulikubaliana hivyo kipindi kile kibaya, na ninamshukuru mpaka leo.

Mwalimu, kuhusu mumeo. Mke wangu naye alinyamaza, nikadhani ananiona kichaa. Kumbe alikuwa anaogopa akiuliza atanivunja. Tulipoingia wote kwa daktari ndipo alipouliza yake yote, mengine nilikuwa sijawahi kuyafikiria. Mwombe akusindikize. Usimtake aelewe kwanza ndipo aje.

MwalimuUjiji

Nimewasoma wote, nikarudia. Usiku huu nimemsomea mume wangu aliyoandika Fundi, hasa pale pa kubishana bei. Amesema yeye ameona kitu ambacho mimi sikukiona: juzi nilimkaripia mtoto kwa kuacha daftari kwenye mvua, na kabla ya hapo nilikuwa napita tu. Sikujua kama na hiyo inahesabika.

Tarehe yangu ya kliniki ni Jumanne, amekubali kuja. Nitauliza kuhusu daku. Na nitauliza kuhusu diklofenaki, maana mgongo ukiniuma ndiyo ninayomeza, na hakuna aliyekuwa amenionya.