Mdogo wangu amehukumiwa kwa ushahidi ninaouona haba: mahakama ya rufaa itapima nini?

Dada_wa_Katuba

Ndugu zangu, wazazi wetu na wanasheria mlio humu, nawasalimu. Naomba ushauri juu ya jambo linaloinyima familia yetu usingizi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa sentinele (mlinzi) wa usiku kwenye depo moja la vifaa vya umeme hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Nyaya za shaba ziliibwa katika zamu yake, naye wiki iliyopita akahukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa wizi wa kuvunja. Hukumu ilisomwa akiwa amesimama mbele ya majaji, na sasa yuko gereza la Kasapa.

Kwa jinsi nilivyofuatilia vikao, amefungwa kwa mambo matatu. La kwanza ni PV (hati ya mahojiano) aliyoitia saini kwa OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi), iliyoandikwa kwa Kifaransa ambacho hakisomi, inayosema kwamba yeye ndiye aliyewafungulia wezi lango. Mbele ya mahakama aliikana PV hiyo waziwazi. La pili ni maneno ya dereva aliyekamatwa na nyaya ndani ya gari, ambaye alimtaja. La tatu ni jirani aliyesema kwamba aliona mtu mrefu langoni, naye alikuwa mbali kiasi cha parseli (viwanja) tatu, usiku ambao mtaa mzima haukuwa na umeme. Kufuli la lango lilikutwa limekatwa, lakini chombo kilicholikata hakikupatikana, na nyumbani kwake hakukukutwa hata kipande cha waya.

Maswali yangu ni haya: je, majaji wa rufaa wana ruhusa ya kuupima upya ushahidi huu, au wataangalia tu kama sheria ilifuatwa? Na je, ni kweli kwamba tukikata rufaa wanaweza kumwongezea miaka?

NduguRuashi

Pole sana, dada. Mimi si mwanasheria, lakini nimesoma mara nyingi kwamba majaji wa rufaa hawaingilii suala la nani alisema kweli na nani alidanganya, kwa kuwa hawakuwaona mashahidi. Wanauliza tu kama jaji wa kwanza angeweza, kwa akili timamu, kufikia uamuzi ule. Kama ndivyo, mlango wenu ni mwembamba, na heri mtafute barua za mchungaji, za shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) na za mwajiri wake wa zamani, ili mahakama ijue kwamba ni kijana wa tabia njema.

Avoka_Kampemba

Dada, kabla ya kujibu lolote nakuomba usiache kesho ipite. Kanuni yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inatoa siku 10 za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu hukumu iliposomwa ikiwa mshtakiwa alikuwepo. Siku hizo zikipita, ushahidi uwe haba namna gani, hakuna jaji atakayeufungua. Huhitaji kusubiri nakala ya hukumu, wala huhitaji kueleza sababu kwa sasa. Tamko la rufaa hupokelewa kwenye grefe, yaani ofisi ya karani wa mahakama, na hoja hufuata baadaye. Akitumwa avoka (wakili), abebe hati maalumu ya uwakilishi iliyotiwa saini na mdogo wako mwenyewe, maana nimeona rufaa zikikwama kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Sasa nije kwa alichoandika NduguRuashi. Anachokieleza ni kipimo cha nchi nyingine. Kwetu, rufaa huihamishia kesi kwenye mahakama ya juu pamoja na mambo yaliyotokea na sheria inayoyahusu, kwa kadiri ya kile kilichokatiwa rufaa. Kosa hili, kwa kuwa adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 10, huhukumiwa mwanzo na Tribunal de Grande Instance, na rufaa yake huenda kwenye Cour d'appel, yaani mahakama ya rufaa. Majaji wa Cour d'appel husoma faili upya, wanaweza kumsikiliza mshtakiwa na mashahidi tena, wanaweza kupokea ushahidi mpya, na mwishoni hujiuliza wao wenyewe kama wameridhika kwamba ni yeye aliyetenda. Hawafungwi na jinsi majaji wa kwanza walivyoridhika. Wakibaki na shaka, shaka hiyo ni mali ya mshtakiwa, kwa sababu ibara ya 17 ya Katiba ya 2006 inasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe vinginevyo.

Kuhusu hofu yako ya pili: ikiwa ni mdogo wako peke yake aliyekata rufaa, hali yake haiwezi kufanywa kuwa mbaya zaidi. Parke, yaani upande wa mashtaka, nayo ikikata rufaa, adhabu inaweza kupanda. Kwa hiyo mtu atakayekwenda grefe aulize pia kama parke imeandikisha rufaa yake.

Mwanafunzi_Ibanda

Nipo Bukavu, nasoma sheria, na naomba nimsaidie NduguRuashi kidogo, maana alichosoma hakikutoka hewani. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Jackson v. Virginia mwaka 1979, swali ni kama, ushahidi ukitazamwa kwa upande unaoupendelea zaidi upande wa mashtaka, mwamuzi yeyote mwenye busara angeweza kuona kwamba kila sehemu ya kosa imethibitishwa bila shaka ya maana. Kule kesi nyingi nzito zinazofikia hatua ya kusikilizwa huamuliwa na baraza la raia, ambalo halitoi sababu za uamuzi wake, na ndiyo maana majaji wa juu huliachia nafasi kubwa namna hiyo.

Hata mashariki yetu hapa mambo ni tofauti. Nchini Kenya, kesi ya Okeno v. Republic ya mwaka 1972 ndiyo inayotajwa kila siku: mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia hitimisho lake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakitoa maelezo yao. Kwa hiyo mshtakiwa wa huko anayo haki ya kudai kwamba ushahidi upimwe tena, wala si hisani.

Dada_wa_Katuba

Mungu awabariki. Maître, shemeji yangu atakwenda grefe kesho asubuhi na mapema. Nimepata kusomewa nakala ya hukumu ambayo avoka wake wa kwanza alikuwa nayo. Kurasa nyingi zinasimulia safari ya faili kutoka kwa OPJ hadi parke na hadi mahakamani, lakini sehemu ya mdogo wangu ni aya moja tu, inayosema kwamba kutokana na yaliyomo kwenye faili na mjadala wa kikao, mambo yamethibitika. Haisemi ni yapi, wala haitaji kwamba aliikana PV. Je, hilo pekee halitoshi kumtoa?

Avoka_Kampemba

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kuna hukumu isiyo na sababu za kutosha, na kuna hukumu isiyo na ushahidi wa kutosha, na dawa zake si moja. Ibara ya 21 ya Katiba inataka kila hukumu iandikwe na itoe sababu. Aya uliyoieleza, kama ndivyo ilivyo, ina upungufu wa sababu: haijibu utetezi na haionyeshi ni ushahidi upi uliobeba uamuzi. Lakini mahakama ya rufaa ikikubali hoja hiyo, inaweza kuifuta hukumu kisha ikaihukumu kesi yenyewe, na kwa faili lilelile ikaandika kurasa kumi nzuri zenye sababu na kumtia hatiani tena. Hoja ya upungufu wa sababu itajwe, naam, lakini avoka asiitegemee peke yake. Kazi kubwa ni kuonyesha kwamba faili lenyewe halibebi hatia.

Na kazi hiyo hufanywa kwa kulivunja kosa katika sehemu zake. Wizi unahitaji kitu cha mtu mwingine, kitendo cha kukichukua, na nia ya kukichukua isivyo halali. Ndipo inaongezwa hali ya kuvunja, ambayo ndiyo inayopandisha adhabu ya juu kutoka miaka 5 hadi 10. Kwa kila sehemu, muulize avoka: ni karatasi gani ndani ya faili inayoithibitisha, na ni nani aliyeiandika?

Ukifanya hivyo, utaona jambo ambalo wewe mwenyewe umelitaja bila kulitilia uzito. PV inasema alifungua lango. Kufuli lilikutwa limekatwa. Sentinele mwenye ufunguo, aliyekubaliana na wezi, ana haja gani ya kukata kufuli? Ama PV ina kasoro, ama kuvunja hakukutokea kama kulivyoelezwa. Parke itajibu kwamba lilikatwa ili kuficha ushirika wake, na jibu hilo si la kijinga. Lakini ni dhana, na anayedai ndiye anayepaswa kuleta ushahidi wake. Mimi ningeanza hotuba yangu hapo.

PV ya OPJ kwa ujumla ni taarifa, na jaji ndiye anayepima uzito wake. Uliza kama ilionyesha ni nani aliyemsomea kwa Kiswahili kabla ya saini, na kama aliambiwa haki yake ya kuwa na mtetezi, ambayo ibara ya 19 inampa hata katika hatua ya polisi. Uliza pia alikaa kizuizini muda gani, maana ibara ya 18 haimruhusu OPJ kuvuka saa 48. Kama alipigwa, sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaadhibu utesaji, na jambo hilo lisemwe wazi pamoja na karatasi ya daktari ikiwepo.

Dereva ni mshtakiwa mwenza. Haapi kama shahidi, na ana faida ya kugawana mzigo na mtu mwingine. Maneno yake yanaweza kusikilizwa, lakini yatafutiwe kitu cha nje kinachoyaunga mkono, kama vile simu walizopigiana usiku huo au fedha alizopokea. Je, faili lina chochote cha namna hiyo? Jirani naye hakumtambua mtu, alitambua urefu.

Kuhusu barua za mchungaji na shefu wa avenyu, zilete, lakini mjue mahali pake. Zinasaidia kupunguza adhabu. Haziondoi hatia, na avoka anayeanza nazo huwapa majaji picha kwamba hana la kusema juu ya ushahidi.

Papa_Grefye

Binti yangu, nilifanya kazi ya grefye kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na Maître amesema vema, ila naongeza jambo moja la mezani. Majaji wa rufaa hawakuwepo siku ile mdogo wako alipoikana PV. Watakachokiona ni karatasi ya kikao, ile ambayo grefye huandika kwa mkono wakati watu wanazungumza. Kama kukana kwake hakukuandikwa humo, kwa majaji wa rufaa ni kama hakukusemwa. Avoka aombe kulisoma faili zima kwenye grefe, akague karatasi za kila kikao, aone kama zina saini ya rais wa kikao na ya grefye, na kama jirani aliapa kabla ya kusema. Nimewahi kuona faili ambalo shahidi aliyebeba kesi nzima hakuwa ameapishwa, na hakuna aliyeligundua mpaka lilipofika juu.

Pia aangalie kama kuna hati ya ukaguzi wa mahali pa tukio. Mtu kusema kwamba kufuli limekatwa ni jambo moja. OPJ kulikamata, kulieleza na kuliweka kwenye faili kama kielelezo ni jambo lingine.

NduguRuashi

Nashukuru kwa kunielimisha. Naomba kuuliza kwa niaba ya dada: wakishindwa kwenye rufaa, si wanaweza kwenda Kinshasa, na kule wakaueleza upya ushahidi?

Avoka_Kampemba

Hapana, na ndiyo sababu nasisitiza rufaa hii. Cour de cassation iliyoko Kinshasa haihukumu tena mambo yaliyotokea. Muda wake katika kesi za jinai ni siku 40 kamili, na kinachopimwa ni kama sheria ilikiukwa: kwamba sababu hazipo au zinapingana, kwamba majaji waliipa hati maana isiyomo ndani yake, kwamba utetezi ulioandikwa haukujibiwa. Kusema "majaji wamemwamini dereva, nasi tunaona ni mwongo" ni hoja inayokataliwa kule mara moja. Hii ina maana kwamba utetezi wote, pamoja na lile la kufuli, uwekwe kwenye maandishi mbele ya Cour d'appel. Kilichosemwa kwa mdomo tu hakitakuwa na mahali pa kushikiliwa Kinshasa.

Naongeza hoja ya akiba. Kama majaji wataona kwamba aliwarahisishia wezi kazi bila kuiba yeye mwenyewe, avoka aombe ahesabiwe kuwa msaidizi, kwani kanuni ya adhabu inasema kwamba adhabu ya msaidizi haivuki nusu ya ile ambayo angepewa mtendaji. Hoja hiyo iandikwe ya mwisho na kwa lugha ya tahadhari, ili isionekane kama kukiri.

Dada_wa_Katuba

Maître, shemeji ametoka grefe mchana huu. Tamko limepokelewa, tumepewa nakala ya hati ya rufaa, na mpaka leo parke haijaandikisha rufaa yake. Fedha za avoka mpya ndizo zinazotusumbua. Na je, anaweza kusubiri rufaa akiwa nyumbani?

Avoka_Kampemba

Itunzeni nakala hiyo. Kwa avoka, nendeni kwenye Bureau de Consultations Gratuites, ofisi ya ushauri wa bure ya baro (chama cha mawakili), mkiwa na hukumu na hati ya rufaa, mwombe apewe mtetezi. Rudini pia grefe mara kwa mara kuuliza habari za parke. Ombi la kuachiwa kwa muda linaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya rufaa yenyewe. Uamuzi ni wa majaji, nao hutazama kama ana makazi yanayojulikana na kama kuna hofu ya kutoroka. Barua ya shefu wa avenyu itumieni hapo.

Papa_Grefye

Na mwulize mdogo wako Kasapa, kwa utulivu, ufunguo wa lango ulikuwa mikononi mwa nani usiku ule. Jibu lake avoka alijue kabla ya majaji kumuuliza.