Naomba ushauri: vinili ya jukwaani (tandiko la plastiki la sakafu) inatoa mawimbi taa zikiwaka

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa kutandika sakafu ya dansi.

Tuna onyesho la dansi ya kisasa msimu huu wa vuli, na wachezaji wote wako peku. Vinili ni ya vipande vya upana wa mita 1.5, imetandikwa juu ya mbao. Ukumbi ni wa baridi hadi taa ziwashwe. Zikishakolea, vinili inatanuka na kuinuka kwenye maungio, hasa karibu na taa za pembeni zilizofungwa usawa wa muundi. Kidole gumba kikinasa hapo ni kuanguka, na onyesho lina mizunguko mingi ya chini.

Tumeshaiacha ilale usiku kucha kabla ya kubandika utepe, tukabandika kutoka katikati kwenda kingoni. Mawimbi yamepungua, hayajaisha. Kuongeza utepe hakusaidii, kunayahamishia tu katikati ya kipande.

Tuache nafasi ya milimita ngapi kati ya vipande? Na je, tuipashe kwanza kwa taa ndipo tubandike, au ikipoa usiku itajivuta na kung'oa utepe?