Naomba ushauri: mvuvi wa kitoweo aandikweje kwenye sheria?

Wakuu, nasaidia kikundi cha wavuvi kuandaa maoni kuhusu rasimu ya sheria ya uvuvi. Rasimu inataja uvuvi wa biashara na wa burudani tu. Mama anayetafuta pweza miambani maji yakitoka, watoto wapate kitoweo, hayumo kabisa; bila leseni anahesabiwa mhalifu. Inaniuma sana.

Afrika Kusini ilimtambua mvuvi wa kujikimu kwenye sheria yake ya mwaka 1998, na miongozo ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ya 2014 inatetea wavuvi wadogo. Kinachonitatiza ni mpaka: akiuza fungu moja anunue dawa, bado ni wa kujikimu? Tupime kwa zana, kiasi au matumizi? Mliowahi kuandika kifungu cha namna hii, naombeni mwongozo.